Baridi ya Mwezi wa Saba kwenye Viazi vya Bethuel

Bethuel alizaliwa Molo, na mtu wa Molo hafundishwi viazi. Ndivyo alivyowatangazia washarika wenzake wa Northfield, ng'ambo kwa Wazungu alikohamia, mwezi wa tano, mwaka 2007: kwa harusi ya binti yake Jepchirchir, asinunue mtu hata kiazi kimoja. Wageni mia mbili watakula magunia kumi kutoka shamba lake alilokodi kwa kaunsili ya mji. Kanisa likapiga makofi, naye akavimba kama andazi.

Halafu mvua ikaja, ikasahau kuondoka.

Siku moja katikati ya mwezi wa saba, akitoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuta majani yana mabaka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. "Baridi," akasema. Kwao, jani likiamka jeusi, baridi imepiga, na baridi dawa yake ni kufunika. Akatandaza nailoni juu ya mistari yote, akaigandamiza kwa matofali, akaenda zake akipiga mluzi. Bingwa huyo!

Siku ya tatu alimkuta jirani yake wa shamba, Mzee Gurdev, fundi wa reli wa zamani wa Nakuru aliyehamia mtaa wa Sparkhill na Kiswahili chake, ameinua nailoni na kuziba pua.

"Wewe Bethuel, unapika mboga hapa?"

"Ni baridi, mzee."

"Baridi gani kiangazi hiki, tena inaota manyoya?" Akageuza jani, chini lilikuwa na unga mweupe. "Hii ukungu, bwana. Inapenda maji, na wewe umeipa blanketi! Kesho inakula nyanya yangu."

Bethuel akaanza kuondoa matofali. "Sasa?"

"Kata majani yote, hata ya kijani. Peleka mbali. Halafu wiki mbili usiguse udongo, ile ugonjwa ya juu ife kwanza."

Harusi ilikuwa baada ya siku kumi na saba. Akikata, viazi vitabaki saizi ya yai. Asipokata, atachimba uji. Alisimama na panga mpaka mvua ikamwingia shingoni, kisha akakata. Upande wa pili Gurdev aling'oa miche miwili ya nyanya iliyokwisha kuungua, akaiweka juu ya rundo la Bethuel. Afadhali angemtukana.

Wiki mbili hizo, kazini, Bethuel alinusa kila kijiko cha viazi vya kupondwa kabla ya kumlisha mzee yeyote.

Alhamisi ya wiki ya harusi akachimba. Shina la kwanza, uozo wa kahawia. La pili, uozo. La tatu, akapasua kiazi kwa kisu: cheupe. Akaendelea kwa magoti. Mpaka jioni, magunia mawili ya vidogo vizima, kati ya kumi aliyoyaahidi.

Akampigia mkewe simu.

"Mama Jep, nunua mchele."

"Mchele? Na mtu wa Molo yupo?"

"Nunua, mama. Vilivyopona vitatosha maharusi na wazee tu."

"Na kanisani nani atasema?"

Bethuel alijifuta tope usoni kwa mkono wenye tope.

"Nitasema mimi."