Shali Kwenye Dirisha la Basi

Katika siku zote nilizoishi Toronto, mwanangu, ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko nyingine. Ilikuwa miaka ya tisini, majira ya baridi, nami nilikuwa mwanafunzi wa uzamili nikiandika tasnifu kuhusu jinsi wananchi walivyomgomea mkoloni bila kurusha hata jiwe. Nilikuwa msichana wa kupima na kupembua kila neno, na nilidhani mambo ya watu hupangika kama vitabu rafuni.

Mzee Maina, aliyesali nasi katika kanisa letu la Scarborough, alikuwa mmoja wa wananchi hao. Ujanani mwake huko Nairobi walisusia mabasi ya mkoloni, wakaenda kazini kwa miguu alfajiri na kurudi kwa miguu jioni. "Wapo waliosema dawa ya moto ni moto," aliniambia. "Sisi tuliwaachia mabasi matupu. Bunduki haijui la kufanya na kiti kitupu." Nilimpenda kwa maneno hayo, na hata leo siyapunguzii thamani.

Lakini palikuwa na Nyanya Wambui. Kila baada ya ibada aliwamiminia watu chai, na kila Jumapili Mzee alikipitisha kikombe chake mbele ya birika lake, akaenda kujaziwa kwingine. Hakumsalimu. Wakati ule wa mgomo walikuwa majirani, na Nyanya alionekana ndani ya basi. Binti yake Nyanya, Njeri, ndiye aliyekuwa akimrudisha Mzee nyumbani kwa gari, maana magoti yalikuwa yamemchosha. Kosa la mama, alisema Mzee, si la mtoto. Na kwa kuwa hakukubali kuketi gari moja na mama, Nyanya alirudi kwa basi la jiji. "Mimi na mabasi tumezoeana," alikuwa akisema, huku akijifunga skafu.

Jumapili hiyo niliketi kiti cha nyuma cha gari la Njeri na kinasa sauti changu. Tulipompita Nyanya kituoni, theluji ikimwangukia mabegani, Mzee aligeuza uso.

"Tulikuwa tumejaa vumbi hadi kwenye kope," alisimulia. "Basi likatupita. Yeye yuko dirishani, amekumbatia shali yake, wala hakututazama."

Nami, kwa tabia yangu ya kutaka kila kitu kikamilike, nikauliza, "Kwa nini aikumbatie, Mzee? Ilikuwa na nini?"

"Nitajuaje? Shali ni shali."

Njeri hakuondoa macho barabarani. "Ndani ya ile shali nilikuwa mimi, Mzee. Nilikuwa nashindwa kupumua. Alikuwa ananikimbiza hospitali."

Nilizima kinasa sauti.

"Mbona hakusema?" Mzee aliuliza.

"Hakuna aliyemuuliza. Na mimi alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utashuka garini kwa aibu utembee, na hayo magoti yako."

"Geuza gari, binti yangu."

Mzee alishuka kituoni akijishikiza mlangoni, akaenda kusimama kando ya Nyanya Wambui. Niliteremsha kioo, wala sikuona haya kusikiliza.

"Wambui."

"Maina. Umepotea njia?"

"Basi linakawia?"

"Hukawia. Lakini likija hubeba kila mtu."

Mzee alitazama viatu vyake. "Haya ya huku sijui hupandwaje."

"Utanifuata. Si mimi ndiye mwenye ujuzi?"

Nusura nicheke; Njeri alikuwa analia. Basi lilipofika, Mzee alisita kwenye ngazi kama mtu anayetakiwa alikane jina lake. Nyanya, aliyekwisha panda, akamnyooshea mkono. Akaushika. Tuliwafuata nyuma polepole hadi mwisho wa safari yao, kiti cha mbele cha gari letu kikiwa kitupu.

Mwanangu, ipo siku utaambiwa ukatae: usinunue, usipande, usiingie. Ukiona haki inadai hivyo, kataa, na utembee hadi viatu viishe. Umoja ni nguvu, na kiti kitupu kimewahi kumshinda mwenye bunduki. Ila kabla hujawaita watu watembee, uliza ni nani atakayembeba mgonjwa. Na ukimwona mwenzako dirishani, usimpe mgongo kabla hujamuuliza amebeba nini. Kuuliza si ujinga, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkoloni alikwisha kuondoka zamani, lakini kikombe cha Mzee Maina kiliendelea kumsusia jirani hadi ng'ambo ya bahari.

Mungu akupe miguu ya kutembea na wenzako, akupe na mgongo wa kumbeba asiyeweza. Na siku utakaposita ngazini, asikose mtu wa kukunyooshea mkono.