Masanja kapandisha seva

Mtu akikwambia "nimekupandishia seva ya ofisi kwenye laptop", utamwamini?

Mimi afisa mifugo. Ninachojua kupandisha ni ng'ombe.

Masanja wetu wa IT anasema maana yake faili za seva zinaonekana humu kama zangu, na ikishafunguliwa mara moja kwenye laptop hii, nakala inabaki humu, hata nikiwa Mwanhuzi bila mtandao nitaiona.

Nikazima mtandao palepale.

Ripoti ya chanjo ikagoma.
Picha za mahafali ya mdogo wangu Kabula, nilizoziweka kwenye seva zamani, zikafunguka. Zote.

Laptop yenyewe Masanja kanikabidhi leo, sijafungua picha hata moja.

Nikamwangalia Masanja. Akaangalia dirishani.

"Nilikuwa najaribu tu, dada."

Zote, jamani?

Kaka, kwetu Sapiwi posa inakuja na ng'ombe. Haipiti kwenye seva.