Jumapili Kanisa Lilipomsaidia Verlene

Tangu daktari amtoe kinyama kooni, Verlene Pettway hakuimba hata kidogo. Kuongea aliongea, tena sana, lakini kuimba alikuogopa kama mtu anavyoogopa kukanyagia mguu uliotoka kwenye plasta. Redio ikipiga nyimbo alizorekodi zamani, aliizima haraka.

"Jaribu mstari mmoja tu, bibie," mumewe Cleophus, kinyozi, alimwambia akiwa anakaanga kuku. "Tutakaosikia ni mimi na huyu kuku."

"Na sauti ikigoma?"

"Ikigoma tutakula."

Hakujaribu. Kama sauti imekufa, aliona heri asijue leo.

Ndipo Mama Tolliver, mkubwa wa akina mama wa kanisa, akapiga simu. Kwaya ilikuwa inaadhimisha miaka tangu ianzishwe. "Utatuimbia, mwanangu. Ule wimbo wako." Kwao Memphis, Marekani, unaweza kumkatalia mwenye klabu ya muziki, ukamkatalia hata mumeo, lakini si mama wa kanisa aliyekufundisha kusimama mbele za watu. Verlene alisema, "Ndiyo, mama," akaweka simu.

Kanisani kwao hawazomei mtu. Ukiimba vizuri watakuambia, "Taratibu, binti, hatuna haraka." Ukiharibu, atatokea mmoja aseme kwa upole, "Msaidie, Bwana." Ukilisikia hilo, kwisha habari yako. Verlene mwenyewe alishawaambia wengine neno hilo, tena kwa raha zake, maana malaika hakuwa.

Usingizi ukamhama. Nyimbo zake kubwa zote zilitokana na mume wa kwanza, yule mlevi aliyempa machozi ya kutosha sahani nne za santuri. Cleophus alimpa amani, na katika amani yote hiyo ulipatikana wimbo mmoja tu. Ndio huo alioutaka Mama Tolliver. Kwenye klabu watu waliusikia kama wimbo wa mume, kanisani wakausikia kama wimbo wa Mungu, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alimtazama Cleophus akikoroma, akajiuliza huyu bwana alioa mke au alioa sauti. Kumwuliza hakuthubutu. Vipi akijibu?

Jumapili kanisa lilijaa, akina mama wamevaa nyeupe, wakijipepea na pepeo za karatasi ngumu zenye tangazo la kampuni ya mazishi. Piano ikaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka, una mikwaruzo lakini ulitoka.

"Taratibu, binti," wakamwambia.

Moyo ukamtulia kidogo. Akaja mahali wimbo unapopanda, pale ambapo zamani watu walikuwa wakirusha kofia. Akafungua kinywa. Sauti haikupasuka, haikukwama. Haikuwepo. Ilitoka pumzi tu, na kipaza sauti kikalisikilizisha kanisa zima ile pumzi.

Pepeo zikasimama.

"Msaidie, Bwana," alisema Mama Tolliver.

Basi wakamsaidia. Walisimama safu kwa safu, wakaudaka wimbo na kuupandisha wenyewe, makofi yakiwa sawia na miguu ikipiga sakafu. Hakuna aliyekosea neno. Palipohitaji kupanda walipanda, palipohitaji kulia walilia, na wimbo ukawa mzuri kuliko siku zote alizouimba yeye. Verlene alisimama katikati yao akichezesha midomo.

Alipoketi, Cleophus alimshika mkono. Watu bado walikuwa wanaimba.

"Yameisha, mke wangu. Hakuna aliyekucheka."

"Naona."

"Sikia wanavyouimba. Wameujua wote."

"Wameujua," Verlene alisema. "Hawanihitaji, Cleo."

Cleophus akamkaza mkono. Verlene alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu waoane aliona kwamba na yeye analiogopa lile swali ambalo hakuthubutu kumwuliza.