Sindano, Kamera na Baba Mkwe

Watu wa kwetu walikuwa na methali moja tu kwa ajili yangu, na waliitumia mpaka ikachakaa: njia mbili zilimshinda fisi. Nikipita na kikapu cha nguo za kushona mkono huu na sanduku la picha mkono ule, naisikia. Siku moja mtoni niliwajibu kwamba fisi alishindwa kwa sababu ana tamaa na hana akili, na mimi nina tamaa na akili, vyote viwili. Walininunia wiki nzima, nikafua kwa raha.

Kushona nilifundishwa misheni nikiwa msichana, enzi za Wajerumani, miaka kadhaa kabla hawajapigana na Waingereza. Mke wa mchungaji, ambaye sote tulimwita Bibi, alitukalisha mkekani, akampa kila mmoja sindano na kipande cha amerikani, akatuambia mwanamke mwema hujulikana kwa pindo lililonyooka. Tangu siku hiyo nimewaona wanawake waovu wengi wenye mapindo yaliyonyooka, lakini tuyaache hayo. Wenzangu walishona kwa kuwa wameamriwa. Mimi nilishona kwa kuwa nilipenda jinsi uzi unavyoingia na kutoka, na kwa kuwa nikishona hakuna aliyenisemesha.

Picha nazo nilizipata kwa Bibi huyo huyo. Alikuwa na kamera mbili, moja kubwa ya miguu mitatu na moja ndogo, kuukuu, iliyobanduka ngozi pembeni. Kupiga picha alipenda sana. Kuosha vioo, vile vinavyotiwa ndani ya kamera vishike picha, hakupenda, maana dawa yake hutia vidole weusi, na yeye alikuwa na vidole vya kuonyesha wageni. Kazi ya weusi ikaangukia kwa mtu mweusi, akaona mambo yamekaa sawa. Nilimwoshea vioo miaka mitatu. Nilipoolewa alinipa ile kamera ndogo na maboksi ya vioo vilivyokaribia kuharibika, akidhani ananipa takataka. Nilimshukuru kwa unyenyekevu mkubwa, nikaondoka haraka kabla hajazinduka.

Kupenda vitu viwili kuna adha yake, sitawaficha. Ukiosha vioo leo, kesho ukishika amerikani nyeupe unaacha alama za vidole kwenye kila pindo, na alama hizo hazitoki kwa sabuni. Niliharibu hivyo nguo mbili za ubatizo, nusura nisemwe mpaka na mtoto aliyebatizwa. Basi nikajipangia utaratibu. Kwetu Kyela mvua hainyeshi, inahamia kabisa na mizigo yake. Miezi hiyo ya mvua ikawa ya sindano. Jua likirudi, naweka sindano kwenye kibuyu, natoa kamera, na beseni langu la kuoshea ni chungu kipana cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, nilichokitoa soko la Lyulilo, kizuri kuliko bakuli zote za Bibi. Katikati ya msimu na msimu nilisugua vidole kwa limau na majivu siku tatu mfululizo.

Watu hawakuniuliza kama picha ni nzuri. Waliuliza, nani amekutuma? Mtu akilima mpunga hawamwulizi. Akikaa chini ya upenu wa nyumba kutwa nzima akipiga miayo, hawamwulizi. Lakini mwanamke akifanya kitu kwa kukipenda tu, ukoo mzima unakosa usingizi.

Sasa nieleze jambo la wakwe, maana hadithi yote iko hapo. Kwetu mke hamwoni baba mkwe. Sisemi kuinamisha macho kwa adabu; hamwoni kabisa, naye hamwoni. Kwa Kinyakyusa huitwa ukutila. Ukimsikia anakohoa njiani unaingia migombani mpaka apite, hata kama una mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Miaka sita ya ndoa yangu nilimjua mtu yule kwa kikohozi chake na kwa nyayo zake kwenye tope. Nilijua kidole gumba chake cha kulia kimepinda. Basi, sikujua kingine.

Mama mkwe alipoliona sanduku langu alilielewa upesi kuliko mchungaji: ni chombo cha kuangalia watu. Akaitisha shauri. Mume wangu, ambaye ubatizo ulimwondolea hirizi na pombe lakini si hofu ya mama yake, alijaribu kunitetea. Alisema kwenye kioo cha nyuma ya kamera watu huonekana miguu juu, kichwa chini. Je, kumwona mkwe akiwa kichwa chini ni kumwona? Watu wazima, wenye ndevu, walilijadili swali hilo tangu ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi. Mwisho wakaamua: sanduku libaki, lakini siku litakaponionyesha uso wa baba mkwe, siku hiyo hiyo litarudi misheni, na mimi nitabaki na sindano, ambayo haimwangalii mtu. Nilikubali mbele ya mashemeji wote. Moyoni nilicheka, maana sikuona njia ya jambo hilo kutokea.

Njia waliileta wenyewe. Mzee mmoja wa Katumba Songwe alipigwa picha na afisa wa Kijerumani aliyekuwa akipita kwenda mpakani, na mzee huyo akawa anaizungusha picha yake kwenye kila msiba na kila harusi. Baba mkwe akatamani yake. Bibi alikuwa amepandishwa milimani kutibiwa homa, kwa hiyo mchungaji akajitolea kupiga kwa ile kamera kubwa. Mtu amesoma vitabu vya lugha nne. Kioo cha kwanza alipiga paa la kanisa, cha pili akapiga kidole chake mwenyewe.

Basi wakaja kwangu wale wale wa shauri, na mama mkwe mbele, ana ndizi mbivu mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "baba yako anaomba." Miezi yote hiyo nilikuwa mchawi wa vioo, leo ni mwanawe. Nilikula ndizi zake zote kabla ya kujibu.

Nilichokifanya kilinihitaji mimi, na hakuna mwingine pale aliyekiweza. Nilichukua kaniki tatu nikaziunganisha kwa mshono wa mara mbili, nikashona joho la kunifunika mimi na kamera, kuanzia juu hadi nyasini, lenye tundu moja tu la jicho la kamera. Nilimkalisha mume wangu kwenye kigoda, nikapima mpaka pua yake ikaonekana sawasawa, kisha nikapigilia vijiti kuzunguka miguu ya kigoda kisisogee hata unene wa ukucha. Nikatia kioo, nikajifunika, nikageuza mgongo, mpira wa kubana, ule unaofyatua kamera, nimeushika nyuma yangu. Mume wangu akampisha baba yake kigodani, akasema, "Amekaa." Nikabana. Akasema, "Ameondoka." Nikatoka ndani ya kaniki nimelowa jasho, nikakuta kigoda kitupu.

Walinisifu. "Ndaga, ndaga fijo," wakanishukuru mpaka nikaona aibu kwa ajili yao. Mashemeji walipita wakilishika lile joho na kusema kweli huyu ana mkono. Hata mimi nilijiona hodari. Wazee walikuwa wameulinda mwili wake na mwili wangu, wamekagua tundu, wamekagua vijiti, na katika kundi zima la wenye hekima, nikiwemo mimi niliyeosha vioo miaka mitatu, hakuna aliyekumbuka kwamba kioo hakina picha mpaka kioshwe.

Nililikumbuka nikiwa nimekishika mkononi. Kioo huoshwa gizani kwa taa yenye kitambaa chekundu, na mwoshaji lazima akodoe macho, maana picha ikishachomoza kwenye dawa hutolewa upesi, la sivyo inaungua. Kumpa mume wangu haikuwezekana; huyo alikwishavunja vioo vitatu kwa kuvipokea tu. Kukataa nako kungekuwa kusema mbele ya watu wote kwamba sanduku na ukutila haviwezi kukaa nyumba moja. Ningelipoteza vilevile.

Nikafunga macho kwa kipande cha kaniki kilichobaki. Adhuhuri, kwenye ghala la misheni, nimeziba madirisha, nikakitia kioo kwenye dawa na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, beti tatu, ndicho kipimo changu. Ubeti wa kwanza ulikwisha. Katikati ya wa pili nikajiambia dawa ya leo ni kali, kioo kitaungua, ni lazima nitazame. Nilijidanganya. Dawa ilikuwa ile ile ya siku zote. Nilitaka kumwona.

Nikafungua macho. Kwenye kioo mambo hugeuka, cheusi kikawa cheupe, lakini mimi nilishazoea kuvirudisha kichwani. Akachomoza polepole: masikio ya mume wangu, kidevu kidogo, na macho ya mtu anayeogopa. Lile sanduku lilikuwa linamtisha. Yaani mtu niliyemkimbilia matopeni miaka sita, mimba moja na watoto wawili mgongoni, alikuwa mzee mdogo anayeogopa kama mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu. Nilimwonea huruma, na nilikasirika sana, vyote kwa pamoja. Kisha jicho langu la kushona, ambalo halijui msiba wala sherehe, likateleza mpaka kwenye shati lake.

Nilikikausha kioo, nikakifunga kwenye kitambaa, nikampa mume wangu akilaze juani juu ya karatasi ya dawa, picha ihamie humo, kazi ambayo jua huifanya bila kuhitaji akili ya mtu. Picha ikaenda kwa mwenyewe. Mzee alifurahi, nikaambiwa, akaipeleka hadi Njisi. Nilinyamaza. Kwa mtu kama mimi, kunyamaza siku nne ni kazi kuliko kulima.

Siku ya tano mama mkwe alikuja kunishukuru rasmi, amebeba kikapu cha mchele, na nyuma yake mke wa shemeji yangu mkubwa. Huyu tulikaa naye mkeka mmoja misheni, na Bibi alikuwa akimsifu daima kwa kuwa alikuwa mpole. Mpole ndiyo, lakini mikono yake ilishona kama mtu anayefunga kuni. Tukaketi, mume wangu akiwapo. Mama mkwe akaisifu picha: jinsi mzee alivyokaa, jinsi mikono ilivyotulia. "Na shati," akasema, "kila mtu anauliza limeshonwa na nani."

Mke wa shemeji akainama, akatabasamu. "Ni mimi, mama. Nilijitahidi."

Ningeweza kumeza mate. Ningeweza kuuliza habari za mpunga. "Ulijitahidi," nikasema, "ndiyo maana kola imekwenda upande kama sikio la mbwa aliyepigwa."

Mama mkwe alikiweka kikapu chini taratibu sana. "Kola hiyo," akasema, "wewe umeiona wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Neno moja tu lingetosha, aseme ni yeye aliyenisimulia. Alitazama miguu yake, msoma Injili yule, akasema, "Mimi sikumwambia lolote." Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umefanya kazi yake bila kusaidiwa. Sikuwa na wa kumlaumu, ndilo lililoniuma zaidi, maana nilikuwa nimezoea kuwa na mtu wa kulaumu.

Sanduku lilirudi misheni jioni ile ile. Mashemeji walilibeba kwa mti mabegani, wawili, kitu nilichokuwa nakining'iniza mkononi. Nililia nyuma ya migomba, kwa hasira kwanza, baadaye kwa uchungu mtupu, kwa sababu nilijua sitaona tena uso ukichomoza majini.

Wiki haikuisha mama mkwe akarudi, amekunja kitu kwenye jani la mgomba. Lilikuwa lile shati. "Kwa kuwa kasoro umeiona," akasema, "itengeneze." Hakukaa, hakunywa hata maji. Niliifumua kola, nikanyoosha kitambaa, nikaishona upya kwa mshono mdogo kuliko wote niliowahi kushona, asubuhi hadi jua la saa nane. Jumapili baba mkwe alilivaa kanisani. Waliniambia lilimkaa vizuri.