Firigisi ya Baba

Juzi, kwenye nyumba ninayopanga Tabora, jirani yangu alikuwa akiviringisha kababu za kuku kwa chakula cha jioni. Harufu ya mrehani na nyanya ikanirudisha kwetu Gungu, Kigoma.

Mama alijifunza kababu hizo alipokuwa akiwapikia masista wa Kiitaliano, kabla ya kuolewa. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alikuwa na kuku mmoja, nasi tulikuwa wanane. Akaikatakata nyama yote kwa kisu, tak tak tak, akachanganya na mkate mkavu, mrehani na nyanya, akakaanga kwa mawese. Nilimwona akiikatakata hata firigisi. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, haigawanywi. Nikaamini Mama anamwibia Baba.

Baba alipokaa, kabla hata hajanawa, nikasema, "Baba, firigisi yako Mama ameikatakata humo."

Kaka yangu akacheka. "Redio ya mtaa hiyo!"

Baba hakucheka. "Mama Neema, ni kweli?"

"Nilitaka watoto nao waionje," Mama akajibu polepole.

Baba akasukuma sahani. "Basi wale wao."

Tukazila kababu zile. Zilikuwa tamu kweli, nami nilikula nne. Mama hakugusa hata moja, wala hakuzipika tena.

Baba alishafariki. Kila nikirudi Kigoma, Mama huniuliza, "Nikupikie nini, mwanangu?" Nami hujibu dagaa. Nimezunguka miji mingi, lakini sijapata ujasiri wa kumwomba zile kababu.