Mikono ya Mama Ilipoganda

Mama yangu hasikii tangu utotoni. Mama mdogo, dada yake anayeishi Bafwasende, hasikii pia, na wawili hao walikua wakizungumza kwa alama walizozibuni wenyewe. Kwetu Kisangani ni mimi peke yangu ninayezielewa. Siku tulipofunga antena ya intaneti juu ya bati nikampa Mama tableti yangu ya zamani, akamwona dada yake uso kwa uso. Walizungumza mpaka ndizi za makemba zikaungua jikoni.

Kisha picha ikaanza kukwama. Anayesikia, picha ikiganda, hubaki na sauti. Mama hakubaki na kitu. Mkono wa dada yake uliganda karibu na kifua, katikati ya neno, tusijue kama ni "mgonjwa" au ni "nimechoka". Mama alingoja, mikono yake hewani, halafu akaishusha mapajani.

Si yeye tu aliyeteseka. Kompyuta yangu ya kazi ilisuasua. Watoto wa Tonton, wanafunzi wa chuo, walilalamikia simu zao. Tonton mwenyewe, mdogo wa marehemu Papa na mkubwa wa nyumba, alikuwa anakosa mpira kwenye televisheni. Niliitoa modemu ndani ya kabati lake la nguo na kuiweka sebuleni. Simu za vyumba vya mbali zikapata nafuu kidogo, lakini mikono ya Mama mdogo ikaendelea kuganda.

Jioni moja, tukiwa mezani, Tonton akatoa hukumu.

"Bon, ni ile tableti. Video iko nakula internet yote. Kesho naikata."

"Na Mama ataongea na dada yake namna gani?"

"Amuandikie message."

"Hajui kusoma, Tonton. Hakuna shule iliyomchukua."

"Alors? Mutu hasikie, internet ya nini?"

Alilisema neno hilo mbele ya Mama, bila hata kupunguza sauti, kwa kuwa alijua halitamfikia. Mama aliona uso wangu ukibadilika. Akaniuliza kwa mkono: amesema nini? Nikamweleza neno kwa neno. Sikulainisha hata moja.

Kisha nikamgeukia Tonton. "Hautaikata. Jumamosi tutazima vitu vyote, tuwashe kimoja kimoja. Kile kitaharibu, njo kile tutakata. Kama ni tableti, nitaizima mimi mwenyewe."

Mke wake akasema ni haki. Tonton akainua mabega.

Jumamosi tukazima kila kitu, tukabakiza tableti. Mama mdogo akatokea, na mikono yake ikakimbia bila kusita. Nikawasha kompyuta yangu: hakuna kilichobadilika. Simu za wanafunzi, moja baada ya nyingine: picha ikatikisika kidogo, ikatulia. Televisheni: vilevile.

"Sasa simu yako, Tonton."

"Yangu ya nini? Miye siangaliake hata video."

"Washa tu."

Aliiwasha na kuilaza mezani. Hakuna aliyeigusa. Muda si muda Mama mdogo akaganda, mdomo wazi. Nikaizima, akasogea. Nikaiwasha tena, akaganda tena. Nilipoifungua nikaona: simu ilikuwa inapandisha mtandaoni picha na video zake zote ili zihifadhiwe huko. Harusi, matanga, mazoezi ya kwaya. Ilikuwa ikishindwa katikati na kuanza upya. Na njia ya kupandisha vitu ni nyembamba kuliko ya kuteremsha. Ikiziba, nyumba nzima inakwama.

"Lakini njo miye nalipa," akasema Tonton.

Mama alikuwa akifuata nyuso zetu, nikamweleza kwa mkono alichosema. Akasimama. Mikono yake ilikwenda polepole, nami nikaitafsiri kwa sauti:

"Anasema, unalipa, anashukuru. Lakini lile neno la mezani, ulirudilie sasa, ukimuangalia kwa macho."

Tonton akaitazama modemu, akautazama mlango. Mama hakukaa. Mke wake naye hakumwokoa. Mwishowe Tonton akasema, "Bon, zima hiyo mambo ya picha," akatoka nje.

Hakuomba msamaha, na hajaomba mpaka leo. Nilizima ile kazi ya kuhifadhi. Akitaka kutuma picha zake, anangoja Mama amalize mazungumzo. Nywila ya Wi-Fi anayo kila mtu, yeye pia. Ile ya kuingia ndani ya modemu na kumkatia mtu intaneti, hiyo niliibadilisha siku ileile. Ameiulizia mara nyingi, mara kwa ukali, mara kwa utani. Namwambia hapana, Tonton, na ninaendelea na kazi yangu.

Wiki iliyofuata nilimkuta Mama akigombana na dada yake kuhusu nani aliyekuwa akipendwa zaidi na bibi. Mikono iliruka, hasira tupu, na hakuna picha iliyoganda. Niliwaacha wagombane.