Vua Viatu, Mzee

Leo baba yangu mkubwa kaambiwa avue viatu ili afanane na mpagazi.

Hapa hapa Tanga. Na aliyemwambia ni mwenzetu!

Kulikuwa na kumbukumbu ya kikosi cha askari wa miguu wa Kiingereza waliopigana huku enzi za Mjerumani. Wajukuu zao wamekuja na mashada ya maua. Sawa, kila mtu na wafu wake.

Baba mkubwa naye alialikwa. Babu yake alichukuliwa kutoka kijijini Maramba kuwabebea mizigo askari hao. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Mzee kapiga kanzu, koti, na viatu vyeusi nilivyompigia kiwi mwenyewe asubuhi. Alidhani ataombwa asome dua.

Mratibu wa shughuli, huyo mwenzetu, hata shikamoo hakutoa.

"Mzee, vua viatu, jitwike hili sanduku. Tunataka picha iwe ya kweli."

Ya kweli!

Baba mkubwa akalipokea sanduku. Akaliweka chini, akalikalia, na viatu vyake mguuni. Akainua mikono, akamwombea babu yake. Mzungu mmoja akavua kofia. Nikasema moyoni, afadhali, wameelewa.

Sasa hivi nafungua simu, nakuta picha ya mzee kwenye dua wameirusha mtandaoni. Chini yake wameandika:

"Mpagazi akipumzika."

Na mzee yuko hapa pembeni, ananiuliza kama katoka vizuri.

Jamani, nimjibu nini?